Nyasi za Rangi ya Chai: Maisha ya Peninah Wangu Muiruri, 1951–2025

Asubuhi ya Jumanne tarehe 21 Januari 2025, Peninah aliamka kabla ya mume wake, kama kawaida yake. Mzee Hiram alipotoka na ndoo ya kukamulia alimkuta ameshainama kando ya tangi la maji, amevaa gambuti za kijani miguuni na lile sweta la kijivu lililotoboka kiwiko. Alikuwa anachana nyasi zake. Alipitisha vidole katikati ya majani, kutoka shinani kwenda juu, pole pole, kama mtu anayemchana mtoto asiyetaka kuchanwa. Majani yaliyokufa yalibaki mkononi mwake, yaliyo hai yakabaki chini.

"Hujanywa hata chai na umeanza kusuka watu nywele," mzee alimwambia.

"Hizi hazinijibu vibaya kama wewe," alijibu bila kugeuka.

Mzee akaenda kwa ng'ombe. Aliporudi na maziwa, Peninah alikuwa ameketi juu ya jiwe, pumzi inampanda. Alisema ni baridi tu. Basi wakanywa chai hapo hapo nje, yeye kwenye jiwe, mzee kwenye ndoo iliyopinduliwa. Katikati ya chai alisogeza kikombe chake karibu na zile nyasi, akasema, "Angalia, Baba Waithaka. Rangi moja." Mzee aliangalia kikombe. Nyasi hakuziangalia.

Hiyo ndiyo asubuhi ambayo mume wake angeomba arudishiwe, kama kungekuwa na mahali pa kuomba.

Peninah Wangu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Turi, karibu na Molo, kwenye shamba la mzungu. Baba yake, marehemu mzee Ndegwa, kazi yake ilikuwa kukata fensi ya miti iwe sawa kama meza. Mama yake, marehemu Leah, alichuma maua ya pareto. Peninah alikuwa wa nne kati ya watoto saba. Mama yake alikuwa akimlaza kwenye gunia mwisho wa mstari wa pareto, na kila akirudi kumnyonyesha gunia lilikuwa tupu. Mtoto walimpata kule chini kwenye majimaji, amekaa katikati ya nyasi ndefu, matope hadi kwenye nyusi, ametulia. Leah alikuwa akisema kwamba watoto wengine wakipotea unawatafuta jikoni, lakini huyu unamtafuta mahali palipolowa.

Aliingia shule mwaka 1960 na kutoka mwisho wa 1963, darasa la nne. Alienda bila viatu, na wale wanaoijua baridi ya Molo mwezi wa saba hawahitaji kuambiwa zaidi. Aliachishwa ili alee wadogo zake. Lakini kusoma alikuwa ameshajua. Mume wake hakuingia darasani hata siku moja, na Peninah hakuwahi kumtupia neno hilo usoni, hata wakiwa wamekosana. Alimsomea barua. Alimsomea maandishi ya chupa za dawa ya ng'ombe. Jioni alimsomea Zaburi, akifuata mstari kwa kidole, na mume wake alikuwa akiangalia kile kidole. Sasa Biblia iko juu ya meza, na ni kitabu tu.

Walikutana mwaka 1971 wakati wa kuvuna viazi. Hiram alikuwa kijana wa kupakia lori, Peninah alikuwa anachagua viazi vikubwa na vidogo. Hiram akaweka gunia lake ukingoni mwa shamba, na sauti ikatoka nyuma yake.

"Kaka, umekalisha gunia juu ya kitu hai."

Akainua gunia, akatazama. "Ni nyasi tu."

"Na wewe ni mtu tu."

Wenzake walimcheka mpaka lori likajaa. Alitafuta jibu wiki nzima, na aliporudi Molo kwa mzigo mwingine alikuwa bado hajalipata, kwa hivyo akamwomba maji ya kunywa. Mbuzi wa mahari walipelekwa kwa mzee Ndegwa mwaka 1972. Kanisani walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, wakiwa tayari na watoto wawili, na mmoja wao alilia kutoka mwanzo wa ibada hadi mwisho. Mungu aliwapa watoto watatu: Waithaka, Ndegwa na Abby.

Peninah alifanya kazi ya pareto na viazi kwa miaka mingi. Mwaka 1994 pareto ilipokuwa haina faida tena, alipata kazi Nakuru, kwenye nasari ya maua na miti ya Bi Kuluthum, kando ya barabara ya kwenda Lanet. Alifanya kazi hapo miaka kumi na moja. Alilala mjini Jumatatu hadi Ijumaa, akarudi Molo Jumamosi. Mume wake alibaki na ng'ombe na watoto, na kila Jumamosi saa nane alikuwa amesimama pale barabarani, mvua au jua. Watu wa Molo walikuwa wanamuuliza, "Mzee, unangoja lori ya viazi?" Alikuwa anajibu ndiyo.

Bi Kuluthum ndiye aliyempa shina la kwanza. Kulikuwa na nyasi kwenye ile nasari ambazo Peninah alikuwa hajawahi kuona mtu akinunua kwa hiari yake. Kuna ndefu zenye majani juu kama mwavuli, zinazopenda kusimama ndani ya maji. Na kuna fupi, laini kama nywele, zinazoanguka pande zote, na rangi yake ni ya chai ya maziwa kuanzia siku zinapoota. Peninah alishika moja, akaviringisha bua lake kati ya vidole viwili, akasikia kona tatu.

"Bi Kuluthum," alisema, "hii ni ndago."

Kila mkulima anaijua ndago. Ni ule mmea unaoung'oa leo, wiki ijayo umerudi na wenzake.

"Astaghfirullahi, Peninah," Bi Kuluthum akamjibu. "Usiwatukane. Hawa ni binamu zake waliosoma."

Hilo neno lilimfurahisha maisha yake yote. Jumamosi hiyo alifika Molo na shina moja ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Mume wake alikuwa amengoja siku tano. Kitu cha kwanza alichokabidhiwa ni huo mkebe.

Alijifunza kazi ya kuzikuza, akaijua. Zile za mwavuli alikuwa anakata kichwa na kijiti kifupi, anapunguza majani kwa makasi, kisha anakizamisha majini kichwa kikiwa chini na kijiti kikiwa juu. Mtu mwingine angeweka kijiti ndani ya maji kama ua la mezani, na kingeoza. Mizizi inatoka pale majani yanapokutana. Siku moja alikuwa ameviweka vichwa vitano kwenye sufuria jikoni, mume wake akafikiria ni mabaki ya mboga, akampelekea ndama. Peninah hakupiga kelele. Alienda kwa ndama, akamwambia, "Umekula watoto wangu, sasa nitakuita mtoto wangu," na ndama huyo akaitwa Mwavuli mpaka alipokufa akiwa na miaka kumi.

Zile za rangi ya chai alizigawa wakati wa mvua ya mwezi wa nne, akipasua shina kwa kisu cha mkate, kila kipande na mizizi yake. Wakati wa kiangazi alizipa maji mara mbili kwa wiki. Hakuzikata. Alisema hizi hazikatwi, zinachanwa.

Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, familia iliondoka Molo. Waliohudhuria hapa wanajua jinsi watu walivyoondoka mwaka ule. Lori lilikuwa la mtu mwingine na nafasi ilikuwa ya vitu vichache. Hiram alibeba magodoro na majembe mawili. Aliposhusha mizigo huku Bahati, karibu na Nakuru, alikuta katikati ya blanketi gunia lililolowa, na ndani yake shina moja la nyasi za rangi ya chai.

"Umeacha sufuria kubwa ukabeba hii?" alimuuliza.

"Sufuria ziko Nakuru," Peninah alisema. "Hii ya Molo haiko."

Aliipanda kando ya tangi, pale maji yanapomwagika. Zote zilizoko katika boma hili ni watoto wa shina hilo. Kwa miaka kumi na saba, kila akizungumza juu ya Molo alizungumza akiwa ameinama pale. Hakurudi kuiona.

Hapa Bahati walimwita Mama Ndago. Alijua. Katika chama cha akina mama, jirani yetu Cheptanui alimwambia mbele ya watu wote, "Mama Waithaka, sisi tunavunjika mgongo tukiing'oa, wewe unaibembeleza! Ukimaliza hiyo uje upande magugu kwangu pia." Wote wakacheka, na Peninah akacheka kuliko wote. Miaka miwili baadaye Cheptanui alikuja na karai, akasimama mlangoni akiangalia viatu vyake.

"Nimekuja tu kusalimia."

"Na karai?"

"Karai imenisindikiza."

Alirudi nyumbani na mashina matatu. Leo ukipita barabara hii, utaona hizo nyasi kwenye nyumba nyingi, na hata zile zilizo kwenye mapipa mlangoni mwa kanisa ni zake. Alichukua vipande vya kugawia watu kwa furaha, lakini lile shina mama la Molo halikuguswa na mtu isipokuwa yeye.

Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo. Ile Jumanne ya Januari, kabla ya saa sita, miguu ilikuwa imefura na hakuweza kumaliza sentensi. Waithaka alileta gari. Akiwa ameshaingizwa ndani alishusha kioo, akamwita mume wake karibu.

"Nyasi zangu. Mara mbili kwa wiki."

"Nitakumbuka."

"Utakumbuka ng'ombe."

"Nitakumbuka zote, Mama Waithaka. Nenda."

Hakukumbuka. Mzee Hiram anataka jambo hili lisomwe kama lilivyo. Alikuwa anakamua, anakimbia hospitali Nakuru, anarudi jioni kukamua tena. Siku kumi na tatu zilipita bila tone la maji, na mnajua jua la mwaka huu.

Jumapili tarehe 2 Februari daktari alisema kwamba hali ikiendelea hivyo, Peninah ataruhusiwa Ijumaa. Mume wake alirudi nyumbani akiwa na nguvu za kijana. Jumatatu alifagia boma lote. Alipofika kwenye tangi, akaona nyasi zimelala, rangi yake kama ya majani ya kutandikia ng'ombe. Akafikiria zimekauka, na ni yeye aliyeziua. Hakutaka mke wake ashuke kwenye gari akute kitu kilichokufa. Halafu akafikiria kama mtu wa ng'ombe. Nepia ya kulishia ng'ombe ukiikata hadi chini, inachipuka vizuri zaidi. Akanoa panga, akakata zote, shina la Molo likiwa la kwanza, usawa wa udongo. Akabeba mzigo akawapelekea ng'ombe. Ng'ombe wakanusa, wakageuza kichwa.

Cheptanui alikuwa akipita na maziwa. Akasimama.

"Baba Waithaka, umefanya nini?"

"Zilikuwa zimekauka."

"Zimekauka wapi? Hiyo si ndiyo rangi yake! Mzee, zilikuwa zimelala kiu tu."

Alishika moja iliyokuwa imeanguka, akaipasua pale chini. Ndani kulikuwa na unyevu. Akamwonyesha. Kisha akachukua maziwa yake, akaenda zake.

Siku iliyofuata Hiram alienda hospitali. Alimkuta Peninah ameketi kitandani, mjukuu wao Kimberly akimsuka. Akaketi karibu naye. Peninah alimshika mkono, akamwondolea uchafu kwenye sweta kama alivyokuwa akifanya siku zote kabla ya kuingia kanisani.

"Nyasi zangu ziko aje?"

"Ziko sawa."

"Umezipa maji?"

"Nimezipa."

Akamtazama kidogo. "Asante," akasema, na akaanza kuuliza habari za ng'ombe.

Hiram alijiambia atamwambia Ijumaa, nyumbani, akiwa kwenye jiwe lake, na kikombe mkononi. Ijumaa haikufika. Alhamisi maji yalimjaa kwenye mapafu. Kila siku baada ya hapo aliulizwa kuhusu nyasi, na kila siku alisema ziko sawa. Miaka hamsini na mitatu aliishi na mwanamke huyu, na hicho ndicho kitu cha pekee alichomficha. Hakikuwa na uzito wowote siku ya kwanza. Kilipata uzito kila siku.

Peninah aliaga dunia siku ya Jumanne tarehe 18 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Alikuwa amebakisha siku ishirini na nne afikishe sabini na minne. Mume wake alikuwa kwenye ngazi za hospitali, amebeba chupa ya chai. Alikuwa ameamua kwamba siku hiyo atasema. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye zizi. Waithaka alimkuta kwenye ngazi akamshika bega, na ile chai ilirudi nyumbani vile vile.

Peninah ameacha mume wake, Hiram Muiruri. Ameacha watoto, Waithaka, Ndegwa na Abby, pamoja na wenzi wao. Ameacha wajukuu saba, wa kwanza wao Kimberly Wangu, aliyepewa jina lake. Ameacha dada mmoja, Tabitha, aliyesafiri kutoka Elburgon. Ameacha Bi Kuluthum, ambaye miguu haimruhusu kufika lakini amemtuma mwanawe Yaseen. Ameacha Cheptanui na akina mama wa chama. Ameacha gambuti za kijani mlangoni, na watu wa nyumba hii wameombwa waziache hapo.

Tunawaomba wanaofunga hema wasipige vigingi upande wa tangi, na watoto wasicheze pale. Mtaona udongo mtupu umelowa, na mtafikiria tangi linavuja. Halivuji.

Jumamosi iliyopita familia ilikaa chini kuandika maisha haya. Mzee Hiram alikuwa akisema, Kimberly akiandika. Walipofika kwenye mambo ya nyasi, mzee alieleza yote kama mlivyosikia, na akasema linalomla ni kwamba mke wake alikufa akiamini uwongo wake. Kimberly akaweka kalamu chini, akaanza kulia.

"Guka," akamwambia babu yake, "cucu alijua."

Siku ile ya kwanza, nyanya yake alipokuwa akimwondolea mzee uchafu kwenye sweta, kidole chake kilipata bua moja limenasa kwenye sufu. Lilikuwa na rangi ya chai, na mwisho wake umekatwa na panga. Aliliviringisha kati ya vidole viwili, akasikia kona zake, akalificha chini ya mto. Mzee alipotoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, Peninah alimwonyesha Kimberly bua hilo, akampa maneno ya kumfikishia mzee. Alimwambia asiyaseme kabla yeye Peninah hajarudi nyumbani, ili mzee asije akaona haya mbele ya watu wa wodi. Kimberly aliyatunza, akingoja cucu arudi nyumbani, mpaka Jumamosi hiyo alipomweleza guka yake. Jana jioni cucu amerudi, ndani ya sanduku.

Tangu Jumapili mzee Hiram amekuwa akitoka kila asubuhi kabla ya kukamua, na kopo la maji. Mpaka leo hakuna kilichoota. Kaburi limechimbwa upande ule ule, hatua tano kutoka kwenye tangi, ili kopo moja limtoshe yeye na nyasi zake.

Mungu amlaze mahali ambapo ardhi haikauki. Na haya ndiyo maneno yake, kama Kimberly alivyoyapokea, bila kuongeza wala kupunguza:

"Guka yako amekata nyasi zangu. Usimgombeze, alikuwa ananitengenezea nyumba. Mwambie awe anamwaga tu maji pale, kila asubuhi, hata kama haoni kitu."